Pua iliyopinda inaweza kusubiri, iliyoziba haisubiri

Mtoto akiumia pua, wazazi wengi huangalia kama imepinda. Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya matundu, na muda wa kuiwahi ni mfupi.

Watoto huumia pua kila siku. Mmoja amegongana kichwa na mwenzake wakati wa kukimbizana shuleni, mwingine ameteleza bafuni na kuangukia ukingo wa ndoo, mwingine amepigwa na mpira, na mwingine ameanguka kutoka juu ya mwembe. Bodaboda nazo huleta majeraha yake, hasa kwa watoto wanaopakiwa mbele, juu ya tangi la mafuta, bila kofia ngumu.

Pua imejitokeza kuliko sehemu nyingine zote za uso, ndiyo maana hupokea kipigo kwanza. Habari njema ni kwamba majeraha mengi ya pua kwa watoto ni madogo. Damu hukata, uvimbe hupungua na baada ya wiki moja au mbili mtoto huwa amesahau.

Lakini yapo machache ambayo hayapaswi kuachwa yajiponye. Tatizo ni kwamba lile linaloharibu pua za watoto zaidi halionekani kwa nje. Pua inaweza kuwa imenyooka vizuri, damu imekata, na mtoto anaongea na kula, huku ndani ukuta wa pua ukiwa unaanza kufa.

Ndiyo maana mzazi na mhudumu wa afya wanapaswa kuangalia ndani ya pua hata kama nje haina dosari.

Nini hutokea ndani ya pua

Katikati ya pua kuna ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ni gegedu, aina ile ile ya kitu kigumu kinachopindika kinachopatikana kwenye sikio.

Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hupata lishe na hewa kutoka kwenye utando mwembamba uliolifunika pande zote mbili. Pua inapogongwa, mishipa midogo ya utando huo inaweza kupasuka, damu ikajikusanya kati ya utando na gegedu. Utando unabanduka, na gegedu linakatiwa chakula chake.

Kuanzia hapo saa zinahesabika. Damu hiyo isipotolewa, gegedu huweza kuanza kuharibika ndani ya saa 24 hivi, na baada ya siku tatu sehemu yake inaweza kuwa imekufa. Damu iliyovilia pia ni makazi mazuri ya bakteria, hivyo huweza kugeuka usaha. Jipu la namna hiyo hula gegedu kwa kasi zaidi. Isitoshe, mishipa ya damu ya eneo la pua ina njia ya kwenda ndani ya kichwa, na ndiyo sababu maambukizi ya hapo yanaweza, kwa nadra, kufika kwenye ubongo au utando wake.

Gegedu likishakufa halioti tena. Mgongo wa pua hukosa nguzo yake na kubonyea katikati, mfano wa tandiko la punda. Kwa mtoto madhara ni makubwa kuliko kwa mtu mzima, kwa sababu gegedu hilo ndilo linalosaidia pua na sehemu ya kati ya uso kukua. Mtoto aliyeumia akiwa na miaka mitano anaweza kuonekana wa kawaida mwaka huo, kisha kadiri anavyokua pua ikabaki nyuma, fupi na iliyobonyea, na upumuaji wake ukawa wa shida.

Upasuaji wa kurekebisha pua ya namna hiyo upo, lakini mara nyingi madaktari husubiri hadi kijana akaribie kumaliza kukua. Kwa maneno mengine, kazi ndogo ambayo ingefanyika siku moja huahirishwa kwa miaka kumi.

Mfano wa wiki moja

Chukua mfano wa mtoto wa darasa la pili. Jumatatu wakati wa mapumziko anagongana na mwenzake. Anatoka damu kidogo, mwalimu anamwosha uso, damu inakata. Nyumbani mama anaiangalia pua na kuona haijapinda. Anamkanda kidogo kwa maji ya baridi na kumshukuru Mungu.

Usiku wa Jumanne mtoto analala kinywa wazi na kukoroma, jambo ambalo si kawaida yake. Jumatano asubuhi anasema, “Mama, pua imeziba.” Mama anadhani ni mafua, ananunua dawa ya mafua duka la dawa. Alhamisi mtoto ana homa, pua inauma hata akiguswa kidogo, na ncha yake imekuwa nyekundu. Ijumaa ndipo anapelekwa zahanati.

Katika mfano huu hakuna mzazi mzembe. Mama alifanya kila alichokijua. Alichokosa ni taarifa moja tu: mtoto aliyegongwa pua, kisha pua ikaziba siku hiyo au siku mbili tatu zinazofuata, hana mafua hadi mtu aangalie ndani na kuthibitisha. Kama angepelekwa Jumatano asubuhi, au bora zaidi Jumanne usiku ule ule, damu ingetolewa kabla haijawa usaha.

Tabia ya mama kununua antibiotiki bila mtoto kuangaliwa nayo haisaidii. Dawa hiyo haiwezi kuiondoa damu iliyonaswa chini ya utando. Inapunguza homa kidogo, inampa mzazi matumaini, na gegedu linaendelea kufa.

Dakika za kwanza nyumbani

Mtoto akiumia pua na kutoka damu, jambo la kwanza ni kumtuliza. Mtoto anayelia kwa nguvu hutoka damu zaidi.

Akalishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Mzazi abane sehemu laini ya pua, ile iliyo chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada. Abane kwa dakika 10 mfululizo bila kuachia ili kuchungulia. Mtoto apumue kwa mdomo na kutema damu inayofika kooni badala ya kuimeza, kwa sababu damu ikijaa tumboni husababisha kutapika. Kama baada ya dakika 10 bado inatoka, abane tena dakika 10 nyingine. Ikiwa hadi hapo haijakata, au inatoka kwa kasi tangu mwanzo, ni safari ya hospitali huku pua ikiendelea kubanwa.

Mtoto mwenye maumivu makali ya mfupa wa pua anaweza kukataa kubanwa. Hapo mzazi asitumie nguvu. Ainamishwe mbele, awekewe kitu cha baridi na apelekwe kituoni.

Barafu husaidia kupunguza uvimbe, lakini ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa kwa dakika 10 hadi 15 kwa wakati mmoja. Pasipo na barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinatosha. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto inatosha. Aspirini haifai kwa watoto, na pia huongeza kutoka damu.

Yapo mambo yaliyozoeleka majumbani ambayo yanapaswa kuachwa. Kumlaza mtoto chali au kumwinamisha kichwa nyuma huifanya damu iingie kooni, na anaweza kupaliwa. Kummwagia maji kichwani hakubani mshipa uliopasuka. Kukanda kwa maji ya moto siku ya kwanza huongeza damu na uvimbe. Kuingiza majani, mafuta, kitunguu au tambara ndani ya tundu huleta uchafu na kumzuia mhudumu kuona. Na kubwa zaidi, hakuna babu, bibi wala jirani anayepaswa kuivuta pua ya mtoto ili “kuinyoosha”. Mfupa uliovunjika ukivutwa hovyo huweza kuchana utando na kuanzisha damu upya.

Dalili za kuondoka mara moja

Pua haiko peke yake. Nguvu iliyoigonga imepita pia kwenye macho, meno, shingo na kichwa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria pua, mzazi amtazame mtoto mzima.

Mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa:

Alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, au hakumbuki kilichotokea.

Anatapika mara kwa mara, ana usingizi usio wa kawaida, amepata degedege au anaongea mambo yasiyoeleweka.

Anaona vitu viwili viwili, jicho halizunguki vizuri, au shavu limekufa ganzi.

Meno yake ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, au hawezi kufungua mdomo.

Majimaji meupe kama maji yanachuruzika puani, hasa upande mmoja na hasa akiinama. Yanaweza kuwa machozi au kamasi nyepesi, lakini baada ya kugongwa yanaweza pia kuwa maji yanayozunguka ubongo, yakivuja kupitia ufa wa mfupa. Mtoto asipenge, na pua isizibwe kwa pamba.

Duara jeusi limejitokeza kuzunguka macho yote mawili.

Damu haikati baada ya kubanwa dakika 20.

Kuna kidonda kilicho wazi, mfupa unaonekana, au kuna kitu kimechoma na kuingia ndani.

Pua imeziba, upande mmoja au pande zote mbili, baada ya damu kukata.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Dalili nyingine zinatisha zenyewe, kila mzazi huzikimbilia. Pua iliyoziba haitishi mtu.

Kwa mtoto mchanga tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu hutegemea sana kupumua kwa pua, hasa wakati wa kunyonya. Mtoto mchanga aliyeangushwa au kugongwa, kisha akawa anaachia ziwa kila mara ili avute hewa, aonwe siku hiyo hiyo. Na mtoto wa chini ya miaka miwili anayetoka damu puani anapaswa kuonwa na mhudumu hata kama imekata, kwa kuwa si kawaida kwa umri huo.

Jinsi mzazi anavyoweza kuangalia

Mzazi anaweza kuchungulia kwa tochi ya simu. Mtoto akae, ncha ya pua inyanyuliwe polepole kwa kidole gumba, mwanga uelekezwe kwenye tundu moja kisha jingine. Ukuta wa kati unapaswa kuwa mwembamba, na njia ya hewa ionekane pande zote.

Kukiwa na kitu kama mto mdogo, kilichovimba kutoka kwenye ukuta wa kati, chenye rangi nyekundu iliyoiva au ya zambarau, huenda ni damu iliyojikusanya. Wakati mwingine hutokea pande zote mbili na kuziba matundu kabisa. Lakini rangi inaweza isibadilike, hivyo uvimbe wenyewe unatosha kumpeleka mtoto kituoni.

Njia nyingine rahisi ni kumwambia mtoto afunge mdomo, kisha kuziba tundu moja taratibu na kusikiliza kama hewa inapita kwenye jingine. Asibanwe wala kulazimishwa. Na mzazi akiona ni sawa, bado asijihesabu kuwa amemaliza. Uchunguzi wa nyumbani unaweza kugundua tatizo, ila hauwezi kuthibitisha kwamba halipo.

Zahanati inapaswa kufanya nini

Hapa Tanzania watoto wengi walioumia huonwa kwanza zahanati au kituo cha afya, na anayewapokea ni tabibu au muuguzi. Hahitaji mashine kubwa ili kuamua nani arudi nyumbani na nani apewe rufaa. Anahitaji maswali sahihi, mwanga mzuri na kidole chenye glavu.

Kwanza atahakikisha mtoto anapumua vizuri, damu imedhibitiwa na hakuna dalili za kuumia kichwa wala shingo. Kisha atauliza: ameumia saa ngapi, kwa kitu gani, alitoka damu kiasi gani, alizimia, pua inapitisha hewa, na kabla ya ajali ilikuwaje.

Swali la mwisho lina jibu jepesi siku hizi. Karibu kila mzazi ana picha ya mtoto wake kwenye simu. Picha iliyopigwa kutoka mbele wiki chache kabla ya ajali humsaidia mhudumu kuona kama pua imepinda kweli au ni uvimbe tu, na kama ilikuwa na upogo tangu zamani.

Baada ya hapo atagusa mfupa wa pua, kingo za macho, mashavu na taya, na kuangalia meno. Mwisho ataangalia ndani ya matundu yote mawili. Akiona ukuta umevimba, ataubonyeza taratibu kwa kidole kidogo au kijiti chenye pamba. Ukuta wa kawaida ni mgumu. Wenye damu ndani hubonyea, ni laini, na mtoto huumia sana.

Wazazi wengi hudai picha ya eksirei na huondoka wakinung’unika wasipopewa. Kwa pua peke yake, eksirei haisaidii sana. Mfupa wa pua ya mtoto ni mdogo, sehemu kubwa ni gegedu ambalo halionekani kwenye picha hiyo, na damu iliyovilia ukutani haionekani kabisa. Mtoto anaweza kuwa na eksirei safi na pua inayokufa. Picha kubwa zaidi, kama CT-Scan, huagizwa pale daktari anaposhuku mifupa mingine ya uso au kichwa.

Ikiwa kuna jeraha la wazi, mhudumu ataliosha na kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kadi ya kliniki ya mtoto iende naye.

Makundi matatu ya mgonjwa wa pua

Baada ya uchunguzi, mtoto huangukia katika moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la rufaa siku hiyo hiyo: mwenye damu iliyojikusanya kwenye ukuta, jipu, damu isiyokata, majimaji yanayovuja, jeraha kubwa la wazi, au dalili za kichwa na macho. Huyu hapewi tarehe ya kurudi.

Kundi la pili ni la mtoto ambaye pua yake imevimba na huenda imepinda, lakini inapitisha hewa na ukuta wa ndani ni salama. Uvimbe wa siku ya kwanza huficha umbo la kweli, kwa hiyo huambiwa arudi baada ya siku tatu hadi tano. Ukipungua na ikaonekana imepinda, apelekwe kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo mapema. Mifupa ya watoto huunga haraka, na kurudishwa mahali pake kunapaswa kufanyika ndani ya siku 7 hadi 10 hivi tangu ajali. Kwa mtu mzima huweza kufika hadi wiki mbili. Hapa ndipo pua iliyopinda “inaposubiri”, lakini kusubiri huko kuna kalenda. Mzazi anayekuja baada ya mwezi hukuta mfupa umeshaunga ulivyo.

Kundi la tatu ni la mtoto asiye na dalili yoyote. Huyu hurudi nyumbani, lakini na maagizo. Damu inaweza kujikusanya polepole baada ya uchunguzi, hata siku mbili au tatu baadaye. Kwa hiyo pua iangaliwe tena siku inayofuata au ya pili yake, na mzazi aambiwe wazi: ikiziba, ikiuma zaidi badala ya kupungua, au akipata homa, arudi mara moja, hata usiku.

Kabla ya kutoka chumbani, mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu kwa heshima: “Daktari, umeangalia ndani ya matundu yote mawili? Ukuta wa kati umevimba? Nimrudishe lini uangalie tena?” Mhudumu mzuri hatachukia. Na pale ambapo foleni ni ndefu na uchovu umezidi, swali hilo linaweza kumkumbusha kitu alichokuwa karibu kukiruka.

Rufaa bila kupoteza muda

Kwa utaratibu wa nchini, mgonjwa hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na zaidi ya hapo hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, au Muhimbili. Wataalamu wa masikio, pua na koo hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa. Kwa familia iliyo mbali na mji, safari hiyo ni nauli, ruhusa ya kazini na mtu wa kubaki na watoto wengine.

Ndiyo maana sababu ya haraka inapaswa kuelezwa vizuri kwa wote wanaofanya uamuzi nyumbani, pamoja na baba aliye safarini na bibi anayeamini pua itajinyoosha. Maneno mafupi yanatosha: damu imenaswa ndani, isipotolewa leo au kesho pua itabonyea.

Mhudumu anayetoa rufaa asaidie kwa kupiga simu mbele kuuliza kama hospitali inayolengwa ina mtu wa kuifanya kazi hiyo, ili mtoto asizungushwe vituo vitatu. Ikiwa mtaalamu yuko mbali sana, daktari wa hospitali ya karibu mwenye ujuzi anaweza kuitoa damu hiyo kwanza, kisha mtoto akaendelea na safari. Barua ya rufaa itaje saa ya ajali, kilichoonekana katika kila tundu, dawa alizopewa na hali ya chanjo.

Mzazi naye aulize kama mtoto ale kabla ya kuondoka, kwa sababu watoto wengi hufanyiwa kazi hiyo chini ya nusu kaputi na tumbo linatakiwa liwe tupu. Huko daktari hupasua sehemu ndogo ya utando, hutoa damu au usaha, kisha huweka kifaa cha kubana ili utando urudi kushikamana na gegedu. Mtoto atapumua kwa mdomo hadi kitolewe, na atapewa antibiotiki. Ataangaliwa tena, maana damu huweza kurudi.

Jeraha likiwa limetokana na ajali ya barabarani au kupigwa, hospitali huulizia fomu ya polisi namba tatu, maarufu kama PF3. Mtoto mwenye hali mbaya awahishwe hospitali kwanza, na ndugu mwingine aende kituo cha polisi kuifuatilia fomu.

Jeraha linapokuwa na siri

Si kila pua imeumia kwa mpira. Mtoto ambaye bado hajaanza kutembea hana namna nyingi za kuivunja pua yake. Maelezo yanayobadilika kila yanaporudiwa, michubuko ya umri tofauti mwilini, mtoto anayemtazama mtu mzima kabla ya kujibu, au kucheleweshwa kwa siku nyingi bila sababu, ni mambo ambayo mhudumu anapaswa kuyaandika na kuyafuatilia, na ndugu hapaswi kuyafumbia macho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili, na taarifa zinaweza kutolewa kwa ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo ni bure.

Wiki zinazofuata

Mtoto aliyeruhusiwa kurudi nyumbani alale kichwa kikiwa juu kidogo kwa mto wa ziada. Asipenge kwa nguvu kwa siku kadhaa, na akitaka kupiga chafya afungue mdomo. Asichokonoe vigaga, na kucha zake zikatwe. Kama mfupa ulivunjika, mpira wa miguu, kareti na michezo ya kuvutana isubiri wiki sita hivi. Mwalimu wa darasa aambiwe, kwa sababu pua inayopona ikigongwa tena huharibika kirahisi.

Kinga nayo si ya gharama kubwa. Sakafu ya bafu isiachwe na sabuni, mtoto asibebwe mbele ya bodaboda, mkanda ufungwe kwenye gari, na magoli ya shule yasiyosimama imara yafungwe chini.

Kwa mwalimu wa zamu, dada wa nyumbani au shangazi aliyeachiwa watoto, yote haya yanaweza kupunguzwa hadi kazi ndogo inayofanyika jioni ya siku ya ajali, na kurudiwa asubuhi kwa siku tatu zinazofuata: kumwambia mtoto afunge mdomo na avute hewa kwa pua. Hewa isipopita, safari ya zahanati inaanza saa hiyo hiyo.